Usukani unapogoma, nani alipe?

Mwenzetu mmoja hapa Marekani, anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa akitoka kazini alfajiri moja ya majira ya baridi. Alipotoka barabara kuu na kuanza kukata kona, usukani wa gari lake ulikuwa mzito ghafla kama umefungwa kamba. Taa iliwaka kwenye dashibodi na mlio ukasikika. Aliuvuta usukani kwa mikono yote miwili, gari likapanda ukingo wa barabara na kusimama. Hakuumia, wala hakumgonga mtu.

Maumivu yalikuja gerejini. Fundi alimwambia kuwa mfumo wa usukani wa umeme umekufa na lazima ubadilishwe wote. Bei ilikuwa dola 1,600. Alilipa kwa kadi ya mkopo, na deni hilo alilimaliza kwa miezi mingi pamoja na riba yake. Siku moja tukiwa kwake katika mazungumzo ya kawaida, tuliichukua namba ya chesisi ya gari lile na kuiandika katika tovuti ya serikali. Tukakuta kwamba kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeliita gari hilo lirudishwe kwa kasoro ileile, na kwamba matengenezo yalikuwa ya bure. Barua ya wito ilikuwa imepelekwa kwa mwenye gari wa zamani. Tulipomuuliza kwa nini hakulalamika popote, naye alituuliza alalamike kwa nani.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunaendesha magari yaliyokwisha kupita mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Gari ndilo miguu yetu, na kwa wanaoendesha teksi au kupeleka vifurushi majumbani, ndilo shamba lenyewe. Likilala gerejini siku tatu, kodi ya nyumba inayumba, na pesa ya kumtumia mama nyumbani inapungua. Ni vyema basi tukajua ni nani hasa anayepaswa kulipa usukani unapogoma, na kwa nini mara nyingi tunalipa sisi.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Katika magari ya zamani, pawa stelingi ilifanya kazi kwa mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwenye mipira hadi kwenye mfumo wa usukani, na nguvu hiyo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Mfumo huo ukiwa na ugonjwa, mara nyingi hutoa dalili mapema: mafuta huvuja chini ya gari, pampu hulia, usukani huwa mzito kidogo kidogo. Fundi mzuri huweza kubadilisha mpira au pampu peke yake.

Tangu miaka ya 2000 makampuni mengi yamehamia mfumo wa umeme. Hakuna tena pampu wala mafuta. Kuna mota ya umeme, kuna sensa inayopima nguvu ya mikono ya dereva, na kuna kompyuta ndogo inayoiamuru mota isaidie kiasi gani. Mfumo huu hupunguza matumizi ya petroli, kwa sababu injini haizungushi pampu wakati wote, na jambo hilo si dogo. Lakini sensa au mota ikipata hitilafu, kompyuta huukata msaada wote kwa mara moja. Aidha, sehemu hizi mara nyingi huuzwa zikiwa zimeunganishwa pamoja, kwa hiyo kasoro ya kisensa kidogo humlazimu mwenye gari kununua kitu kizima. Bili ya zaidi ya dola 1,000 si jambo la ajabu hata kidogo.

Wataalamu wa makampuni hupenda kusisitiza kwamba msaada ukikatika, usukani bado umeunganishwa na magurudumu na gari bado linageuka. Hilo ni kweli kabisa, na kila dereva alijue: usiuachie usukani, uvute kwa nguvu zaidi, punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama. Lakini ukweli huo una mipaka. Kugeuza usukani mzito kunahitaji nguvu nyingi, hasa mwendo unapokuwa mdogo, kama kwenye makutano, kwenye kona kali au mbele ya shule. Mama mwenye umri mkubwa, au mtu aliyechoka kwa zamu ya saa 12, hapati nguvu hiyo katika sekunde moja asiyoitarajia.

Sasa tuje kwenye historia, maana ndiyo inayoonyesha nani hulipa na kwa nini.

Mwezi Januari 2010, idara ya taifa ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu Chevrolet Cobalt za miaka ya 2005 hadi 2010. Idara ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 1,100 ya usukani kupoteza nguvu, pamoja na taarifa za ajali 14 na mtu mmoja kujeruhiwa. Mwezi Machi mwaka huohuo kampuni ya General Motors ilitangaza kuyaita magari milioni 1.3 ya Amerika ya Kaskazini, yakiwemo Cobalt na Pontiac G5, ili yabadilishiwe mota ya usukani bila malipo. Ilichukua wiki chache tu tangu uchunguzi kufunguliwa.

Lakini kulikuwa na ndugu wa magari hayo, Saturn Ion, yaliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo na kutumia mfumo wa usukani wa aina hiyohiyo. Hayo hayakuitwa mwaka 2010. NHTSA ilifungua uchunguzi wake mwaka 2011, na wenye magari waliendelea kulalamika kwa maelfu, huku madai ya matengenezo chini ya waranti yakipita 30,000. Hata hivyo ilifika tarehe 31 Machi 2014 ndipo kampuni ikayaita, pamoja na Malibu, HHR, Aura na G6 za miaka mbalimbali, jumla ya magari takriban milioni 1.3 nchini Marekani. Kesho yake, tarehe 1 Aprili, mkuu wa kampuni, Mary Barra, alikuwa akisimama mbele ya wabunge mjini Washington kujibu maswali kuhusu kasoro nyingine. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya magari hayo iliyaita zamani, na mengine iliyaongezea waranti, lakini haikufanya ya kutosha.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kampuni inapogundua kasoro, inaweza kuipa jina mojawapo kati ya matatu. Inaweza kuiita kasoro ya usalama. Hapo sheria inailazimu kumwandikia kila mwenye gari anayejulikana na kumtengenezea bure, bila kujali yeye ni wa kwanza au wa nne kulimiliki. Inaweza pia kuongeza muda wa waranti kwa sehemu ile tu. Hapo matengenezo ni bure mpaka miaka au maili zilizowekwa zifike, na baada ya hapo mzigo ni wako. Au inaweza kuwaandikia mafundi wa mawakala wake waraka wa kiufundi unaoeleza ugonjwa na tiba yake. Hapo mwenye gari hulipa kama kawaida, ingawa kiwandani wanajua fika kwamba ugonjwa ule haukuletwa na yeye.

Chuma kilichoharibika ni kilekile katika hali zote tatu. Kinachobadilika ni jina lililoandikwa juu ya karatasi, na jina hilo ndilo linaloamua bili itue mlango wa nani. Waranti iliyoongezwa humsaidia zaidi aliyenunua gari jipya, kwa sababu yeye ndiye anayelitumia katika miaka na maili za mwanzo. Sisi tunaolinunua likiwa na miaka tisa na maili 110,000 tunakuta muda umekwisha. Tunauziwa gari pamoja na deni ambalo hatukulikopa.

Kasoro ile nyingine iliyompeleka Bi Barra bungeni nayo inahusiana na usukani, na inafaa tuikumbuke. Ilikuwa ni swichi ya ufunguo, iliyokuwa dhaifu kiasi kwamba ufunguo mzito au mtikisiko wa barabara uliweza kuizima injini gari likiwa linakwenda. Injini ikizimika, msaada wa usukani na wa breki hupotea, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva hushindwa kufanya kazi. Magari milioni 2.6 yaliitwa mwaka 2014. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na wakili Kenneth Feinberg ulikubali madai ya vifo 124. Ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliojua tatizo hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Katika kikao cha wabunge ilitajwa bei ya kipuri ambacho kingerekebisha swichi ile: senti 57.

Tunaitaja habari hiyo kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba katika nchi kubwa kama hii serikali huona kila kitu na kampuni haithubutu kuficha. La hasha. Idara nayo ililaumiwa kwa kuwa ilikuwa na taarifa na haikuziunganisha. Nchi hii inavyo vyombo vya kumlinda mwenye gari, lakini vyombo hivyo havitembei peke yake. Vinasukumwa, na wanaovisukuma mara nyingi ni watu wa kawaida waliokataa kunyamaza.

Mfano mzuri ni wa mama mmoja wa California, Cally Houck. Mwezi Oktoba 2004 mabinti zake wawili, Raechel wa miaka 24 na Jacqueline wa miaka 20, walikuwa wakisafiri kwa Chrysler PT Cruiser waliyoikodi. Mafuta ya pawa stelingi yaliweza kuvuja kwenye mpira wake na kushika moto, na kiwanda kilikuwa kimekwisha kutoa wito wa kuyarejesha magari ya aina hiyo. Kampuni ya kukodisha, Enterprise, haikulitengeneza kabla ya kulitoa. Gari lilishika moto barabarani, likapoteza mwelekeo na kugonga lori. Wote wawili walikufa. Mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama liliamuru familia ilipwe dola milioni 15. Mama yule hakuishia kwenye fidia. Alipiga hodi kwa wabunge mwaka baada ya mwaka, hadi mwezi Desemba 2015 ilipotiwa saini sheria yenye majina ya mabinti zake. Tangu mwaka 2016 kampuni yenye magari zaidi ya 35 ya kukodisha hairuhusiwi kumkodisha mtu gari lenye wito ambao haujashughulikiwa.

Sheria hiyo ni nzuri, lakini imeacha tundu kubwa, na tundu hilo ndimo tunamopita sisi. Hakuna sheria ya taifa zima inayomkataza muuzaji wa magari ya mitumba kukuuzia gari lenye wito wa usalama ambao haujatekelezwa. Gari lisiloruhusiwa kukodishwa kwa siku mbili, linaruhusiwa kuuzwa moja kwa moja kwa mhamiaji mwenye dola 4,000 mkononi. Tunajiuliza ni mantiki gani hiyo.

Wala tusidhani kwamba haya yamekwisha na magari ya zamani. Mwezi Oktoba 2024 Honda iliita magari takriban milioni 1.7 nchini Marekani, yakiwemo Civic za miaka ya 2022 hadi 2025 na CR-V za 2023 hadi 2025, kwa sababu gia ndani ya mfumo wa usukani iliweza kukwamakwama na kuufanya usukani ushike. Mwezi Februari 2025 Tesla iliita magari 376,241 ya Model 3 na Model Y ya mwaka 2023, ambayo msaada wa usukani uliweza kukatika. Dawa ya Tesla ilikuwa programu mpya iliyotumwa kwenye gari kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo ukinunua mojawapo ya magari haya leo au miaka mitano ijayo, swali la kwanza liwe je, tiba ilifanyika?

Turudi kwa mwenzetu na swali lake la kulalamika kwa nani. Sababu ya swali lile tunaijua vizuri kuliko tunavyopenda kusema. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kwenda kwenye ofisi ya serikali na malalamiko ni kujitafutia balaa. Sisi tunaoandika haya tuliondoka nyumbani kwa sababu ya kuandika, na hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo ina ladha gani. Mtu anayesubiri karatasi zake za ukaazi hataki jina lake lionekane popote. Basi hulipa, hushukuru Mungu kuwa hakufa, na hunyamaza.

Lakini katika jambo hili ukimya unatugharimu. Malalamiko 1,100 ndiyo yaliyofungua uchunguzi wa Cobalt. Kila lalamiko lilikuwa ni mtu mmoja aliyekaa na kueleza kilichompata. Fomu ya NHTSA huuliza habari za gari, namba ya chesisi, mahali na jinsi tukio lilivyotokea, na namna ya kukupata. Haiulizi wewe ni raia wa wapi wala una karatasi gani. Kama katika mji wetu madereva 30 wamepatwa na tatizo moja katika gari la aina moja, na wote wamemaliza mambo gerejini, kwa idara ile tatizo hilo halipo. Mkono mmoja haulei mwana, na lalamiko moja halifungui uchunguzi.

Hatusemi kwamba kulalamika ni dawa ya hakika. Wenye Saturn Ion walilalamika kwa maelfu na bado walingoja. Lakini bila malalamiko yale pasingekuwa na jalada la kufunguliwa, na kampuni ingeendelea kuiita kasoro yake jina lililo rahisi kwake.

Kwa hiyo yako mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya bila gharama. Kabla ya kulipa pesa ya gari la mkononi, soma namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, inayoonekana kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, uiandike katika tovuti ya nhtsa.gov. Ndugu zetu walioko Uingereza wanaweza kuangalia katika tovuti ya serikali yao kwa kutumia namba ya gari. Ukikuta wito ambao haujatekelezwa, mwambie muuzaji alipeleke kwa wakala kwanza. Na kama tayari gari ni lako, lipeleke mwenyewe. Kwa sheria ya Marekani matengenezo ya wito ni ya bure kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza.

Usukani ukigoma, usikubali haraka kubadilishiwa mfumo mzima. Mwambie fundi apime kwanza betri na jenereta ya gari, kwa sababu umeme ukiwa dhaifu kompyuta inaweza kuuzima msaada wa usukani. Ya pili, mtake akusomee namba ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na aiandike kwenye karatasi. Ya tatu, piga simu kwa wakala wa kampuni yenyewe, mpe namba ya chesisi, na umuulize mambo mawili kwa wakati mmoja: je, kuna wito, na je, kuna waranti iliyoongezwa kwa sehemu hii? Ukiuliza moja tu utajibiwa moja tu.

Ukilipa, tunza risiti. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2000 inaitaka kampuni inayotoa wito iwe na mpango wa kuwarudishia pesa waliotangulia kulipa kwa kasoro ileile, ndani ya muda uliowekwa. Wenzetu wengi wanapoteza haki hiyo kwa sababu walilipa taslimu kwa fundi wa mtaani bila karatasi yoyote. Na ukihama nyumba, mweleze mtengenezaji anwani yako mpya, kwani barua ya wito hufuata jina na anwani zilizoandikishwa.

Kuna neno la mwisho kwa wanaonunua magari ya kupeleka nyumbani. Magari mengi yanayoshuka bandari za Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japan yakiwa yametumika. Barua ya wito iliyoandikwa kwa Kijapani kwa mwenye gari wa Nagoya haitamfikia mwalimu wa Morogoro. Gari likishavuka bahari, ni vigumu kumpata atakayelitengeneza bure. Mahali pa kuuliza ni kulekule linakotoka, kabla halijapanda meli, na sisi tulioko nje mara nyingi ndio tunaolipa na ndio wenye nafasi ya kuuliza. Mwagizaji asiyeweza kukuonyesha kwamba namba ya chesisi imeangaliwa, mwache na gari lake.

Mwenzetu tuliyeanza naye hakurudishiwa dola zake 1,600. Risiti anayo, lakini muda wa kudai ulikuwa umepita. Hata hivyo jioni ileile, tukiwa mezani kwake, alijaza fomu ya idara na kueleza kilichompata alfajiri ile. Alipofika mahali pa kuandika jina lake alisita kidogo, akatutazama, kisha akaliandika lote.